Kurasa Mbili na Nusu Zisizo na Kitu

Nchi yetu haina tatizo la ajira. Nalisema mapema ili msomaji asije akasikitika bure. Kazi zipo, watu wapo, na katikati yao iko Wizara ya Maji, Ajira na Matumaini, ambayo serikali iliiunganisha kuwa moja baada ya kugundua kwamba wananchi huvisubiri vitu hivyo vitatu katika foleni moja.

Mimi naitwa Mfaume. Kibanda changu kiko mkabala na lango la wizara hiyo, chini ya kibao kinachosema: "Tunachapa, Tunatoa Kopi, Tunaandika Wasifu." Nimewaandikia watu wasifu kwa miaka kumi na minane, na naweza kusema bila kujisifu kwamba nusu ya waliokalia viti mle ndani wamepita mikononi mwangu. Wachache bado hunisalimia. Waliobaki hupandisha vioo vya gari, nami siwalaumu, maana vumbi la pale ni kali.

Zamani kazi yangu ilikuwa nyepesi. Wasifu wa kwetu ulikuwa na sentensi moja ya maana, nayo ilikuwa ya kwanza: "Mimi ni mpwa wa Fulani." Kilichofuata kilikuwa mapambo. Humo mtu aliweka elimu, dini, kabila, uzito, idadi ya watoto, na mambo ayapendayo, ambayo kwa kila mwombaji yalikuwa yaleyale: kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Niliwahi kumwandikia bwana mmoja aliyependa kusafiri ambaye hajawahi kuvuka daraja la mto wetu. Alipewa ukaguzi wa barabara kuu, kwa sababu mjomba wake alikuwa mjomba hasa.

Kisha akateuliwa Mheshimiwa Dakta Kanali Mstaafu Lukumbuja kuwa waziri, na Mheshimiwa alikuwa mtu wa mageuzi. Wiki yake ya pili alituita uwanjani. Tukakaa juani tangu asubuhi, yeye akafika saa saba mchana, akatuambia kwamba jua lile lilikuwa kipimo cha uzalendo wetu na tumefaulu.

"Kuanzia leo," akasema, "kujuana kumekufa katika nchi hii. Marehemu nimemzika kwa mkono wangu mwenyewe, na gharama za matanga zitabebwa na serikali."

Tulipiga makofi. Mpwa wa Katibu Mkuu, aliyesimama karibu yangu, alipiga kuliko wote.

Kesho yake ukatoka Waraka Namba Tisa, uitwao Mambo ya Kuacha Katika Wasifu. Ulikuwa na vipengele vitatu. Mwombaji aache umri, uzito, dini, kabila na mambo ayapendayo, kwa kuwa serikali haina haja ya kujua anapenda nini. Aache jina la mkubwa yeyote anayemfahamu. Tena aache jambo lolote linaloweza kuitia serikali aibu. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, palikuwa na maelezo ambayo nitayanukuu yote kwa sababu ndiyo yaliyozaa kisa hiki: "Kila kinachoachwa kiachiwe nafasi yake, ili mkaguzi ajiridhishe kwamba kweli kimeachwa."

Wako walioguna. Mimi niliona ni busara tupu. Maana karatasi isiyo na jina la mkubwa, mkaguzi atajuaje kama mwenyewe ameliacha kwa utii au hakuwa nalo tangu mwanzo? Serikali haiwezi kumpongeza mtu kwa kuacha kitu ambacho hana.

Haukupita mwezi, kila mwenye mtu akawa na nafasi. Diwani aliachiwa mstari mmoja, mkuu wa wilaya miwili, katibu mkuu mitatu, na waziri mitano. Hakuna aliyetoa agizo hilo. Ilikuwa heshima tu, kama vile mgeni mkubwa anavyoachiwa kiti kipana. Bwana Ndimbo, mwenyekiti wa Jopo la Usaili, mtu mtaratibu mwenye miwani minene, alijinunulia rula ya chuma. Maandishi akawa hayasomi tena. Aliiweka rula kwenye uwazi, akapima, akainua macho, na kama uwazi ulikuwa wa kutosha alisimama kumpa mwombaji mkono. Wasiokuwa na mtu walirudishiwa karatasi zao zikiwa na muhuri mwekundu: "Mwombaji hajaacha kitu. Wasifu haujakamilika."

*

Bi. Sikudhani Lipindu alikuwa amepigwa muhuri huo mara kumi na nne.

Alikuwa mama wa miaka arobaini na ushei, mfupi, mwenye vidole vilivyoingia weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni yoyote. Alikuwa fundi wa pampu za maji. Kwa miaka kumi na moja alifanya kibarua kwa wakandarasi, akizunguka majimboni kutengeneza pampu za serikali, na kila pampu aliyoigusa aliiandika katika wasifu wake: ilikuwa wapi, iliugua nini, aliitibu vipi. Zilikuwa thelathini na moja. Wasifu mzima ulikuwa na kurasa tatu, na pampu peke yake zilikula mbili na nusu.

Nyumba yake ilikuwa Kata ya Chemchemi, ambako bomba halikutoa tone kwa miezi saba. Pampu ya kata iko hatua arobaini kutoka mlangoni kwake. Aliisikia ikikoroma vibaya wiki tatu kabla haijanyamaza, akajua ni beringi, akaenda ofisini kusema. Akajibiwa kwa upole kwamba pampu za serikali haziharibiki. Zinapumzika. Mlango wa nyumba ya pampu ukatiwa kufuli na lakiri, na sheria yetu inasema wazi kwamba anayeruhusiwa kuufungua ni mwajiriwa wa Mamlaka ya Maji tu. Basi kila asubuhi wanawake wa Chemchemi, yeye akiwa miongoni mwao, walipita na ndoo zao mbele ya mlango ule kwenda mtoni.

"Cheo sitaki, kaka Mfaume," aliniambia. "Nataka kazi ya kunifungulia ule mlango."

Nilimsihi aache mistari miwili tu, ya mkuu wa wilaya, hakuna atakayeuliza. Akakataa. Alisema mjomba wake mmoja alikuwa mchonga mizinga ya nyuki na alishafariki, na akimwachia nafasi mtu ambaye hayupo atakuwa amesema uongo kwa karatasi nyeupe. Nilikasirika, sitaficha. Nilimwambia kwamba kwa roho hiyo ataendelea kubeba ndoo mpaka shingo iingie kifuani. Akaanza kukusanya karatasi zake.

Hapo, kwa ubishi tu wala si kwa akili, nikauchukua Waraka nikausoma upya. Nilipofika kipengele cha tatu nikamwita arudi.

Nilimweleza polepole. Msimamo wa serikali ni kwamba pampu zake hazijawahi kuharibika. Mtu anayeandika kwamba ametengeneza thelathini na moja anasema thelathini na moja ziliharibika. Hiyo ni aibu kwa serikali, na aibu inaachwa. Na kinachoachwa kinaachiwa nafasi yake.

"Yaani nifute kazi zangu zote?" akauliza.

"Hufuti, dada. Unaacha."

Alizitazama zile kurasa kwa muda mrefu. Aliweka kidole kwenye pampu ya Lukokwe, aliyoitengeneza akiwa na mimba ya miezi minane, amesimama ndani ya maji hadi kiunoni. Nikaona macho yake yamelowa, nami nikamwonea huruma kweli, nikajifanya natafuta karatasi chini ya meza.

"Haya, acha," akasema.

Nikaziondoa moja baada ya nyingine, na kila moja nikaiachia nafasi yake kamili, bila kuongeza wala kupunguza mstari. Yalibaki jina, anwani, na sentensi moja: "Naomba kazi ya fundi wa pampu." Zilizobaki zilikuwa kurasa mbili na nusu nyeupe pe.

*

Yaliyotokea kwenye jopo nilisimuliwa na mama wa chai, ambaye katika wizara ile ndiye kumbukumbu ya kuaminika kuliko masijala. Alisema Bwana Ndimbo aliweka rula, rula ikaisha. Akafungua ukurasa wa pili, ikaisha tena. Alipofungua wa tatu na kuuona nao mweupe, alivua miwani, akaagiza iletwe futi ya fundi cherehani. Wajumbe walikuwa wamekwisha kusimama. Katika hesabu zao, Rais mwenyewe walikuwa wamemkadiria nusu ukurasa. Mjumbe mmoja alisema kwamba humu mna mtu mkubwa kuliko Rais, akaombwa ayafute maneno yake, akayafuta, lakini hakukaa.

Bi. Sikudhani alipoingia aliulizwa swali moja tu: angependelea kiti cha aina gani. Akajibu kwamba kiti hakihitaji, anahitaji spana namba thelathini na mbili na mtu wa kumshikia bomba. Wajumbe wakatazamana. Wapwa wa madiwani hujitapa mpaka mate yawatoke, lakini huyu, mwenye kurasa mbili na nusu, anaomba spana. Unyenyekevu wa namna ile, wakasema, unatoka juu kabisa.

Adhuhuri alinijia kibandani na barua mkononi. Ameteuliwa Mkurugenzi Mkuu wa Mamlaka ya Maji ya Taifa.

"Wamekosea, kaka Mfaume," akasema. "Humu hakuna spana."

Nilimwambia amshukuru Mungu na aende kazini.

*

Ofisi ya mkurugenzi ina zulia linalomeza viatu, na maji ya kunywa yanayoletwa na ndege katika chupa. Kanuni za utumishi zinamkataza mkurugenzi kusogelea mitambo, kwa ajili ya afya yake. Bi. Sikudhani alimwita Fundi Mkuu, bwana wa mistari mitatu mwenye ovaroli iliyopigwa pasi, akamwagiza aende akaifungue pampu ya Chemchemi. Yule bwana akaandika agizo lote katika daftari, kisha akauliza kwa heshima pampu hufunguliwa kwa upande gani.

Huku nyuma mji mzima ulikuwa unauliza mama huyu ni wa nani. Jambo la ajabu, hakuna mkubwa aliyemkana. Kumkana kungekuwa ni kukiri kwamba hutoshi kurasa mbili na nusu. Katibu Mkuu alipoulizwa alitabasamu. Spika alikohoa kwa namna ya mtu anayejua mengi. Mke wa jenerali mmoja alimpelekea kikapu cha matunda na kadi isiyo na jina.

Siku ya tisa Bi. Sikudhani aligundua kwamba funguo za pampu zote nchini zimetundikwa ofisini kwake, katika kabati la vioo, zimeng'arishwa kama vikombe vya ushindi. Hakuna aliyewahi kuziomba. Akachukua ya Chemchemi, akaitia kwenye mkoba, akamwambia dereva ampeleke nyumbani.

Nilifunga kibanda nikaenda kuona. Alivunja lakiri mchana kweupe, akavua viatu vya kikurugenzi, akajifunga kanga juu ya suti yake, akaingia. Ilikuwa beringi, kama alivyosema kabla pampu haijanyamaza. Mimi nilipewa kazi ya kushika bomba, na sijawahi kupewa kazi ya maana kama ile. Wanawake walizunguka nyumba ya pampu na ndoo zao, hawataki kuamini mapema.

Saa tisa hivi alifika Bwana Ndimbo, ambaye alisikia habari akadhani ni uzushi wa maadui wa taifa. Alichungulia mlangoni. Akamwona Mkurugenzi Mkuu akiwa na grisi hadi kwenye viwiko, anaigonga mota kwa kitako cha kiganja kama mtu anayemwamsha mtoto. Uso ulimwiva, kisha ukampauka. Akaenda pembeni, akapiga simu kwa waziri, na hakujua kwamba nilikuwa nyuma ya ukuta ule ule.

"Mheshimiwa, tumetapeliwa," alisema. "Yule mama hana mtu. Anafanya kazi."

*

Mheshimiwa Lukumbuja hamfukuzi mtu bila kamera, kwa hiyo alikuja na msafara wa magari manne na waandishi wote wa mji. Hotuba aliishika mkononi; niliona kichwa chake cha habari, kilihusu matapeli. Alifungua mlango wa gari, akateremsha mguu wa kwanza, na papo hapo pampu ikakohoa. Bomba la barabarani likatema kutu, likatema upepo, kisha likatoa maji.

Sijui nielezeje vigelegele vile. Bibi mmoja aliingiza kichwa chote chini ya bomba na kilemba chake. Watu wazima walimwagiana maji na mimi nililia, na sioni haya kusema.

Mheshimiwa alisimama na mguu mmoja ndani ya gari. Aliwatazama watu, akazitazama kamera, akaikunja hotuba mara nne akaitia mfukoni. Kisha akatembea moja kwa moja hadi kwa Bi. Sikudhani, akamwekea mkono begani, akauondoa kwa sababu ya grisi.

"Wananchi," akasema, "kwa siku nyingi mmejiuliza zile kurasa mbili na nusu zilikuwa nafasi ya nani. Unyenyekevu wangu ulinizuia kusema. Zilikuwa zangu. Huyu mnayemwona ni mpwa wangu wa damu."

Makofi yakalipuka. Mimi nilikuwa bado nimeshika bomba, hatua moja kutoka kwao, kwa hiyo nilisikia yale ambayo kamera hazikuyasikia.

"Mheshimiwa," Bi. Sikudhani alisema kwa sauti ya chini, "zilikuwa zangu. Ni pampu thelathini na moja na miaka kumi na moja. Wewe humo hukuwamo."

"Najua," akajibu Mheshimiwa, anaendelea kuzitabasamia kamera. "Lakini ukilisema hilo kwa sauti wewe ni tapeli, na mlango huu utafungwa kabla sijarudi kwenye gari. Ukinyamaza wewe ni mpwa wangu, na kiti chako kinakungoja. Chagua haraka."

Bi. Sikudhani alianza kufuta mikono kwa pindo la kanga, kidole kimoja kimoja. Nilitaka anyamaze, na nilijua kwamba akinyamaza nitamdharau kidogo maisha yangu yote.

Hapa niwaeleze wasiokuwa wa kwetu. Mjomba kwetu hajitangazi ovyo. Akishakutambua mbele za watu kwamba wewe ni mpwa wake, una haki ya kumwomba kitu kimoja palepale, naye hana haki ya kukataa. Awe na mbuzi mmoja, atamtoa huyo mmoja. Mjomba aliyekataa ombi la mpwa wake hasogezewi mkeka msibani, hapewi mkono harusini, na kama ni mbunge, hana haja ya kuchapisha mabango tena. Mheshimiwa alilijua hilo tangu utotoni. Nadhani miaka ya kupanda gari lenye vioo vyeusi ilimsahaulisha.

Bi. Sikudhani alipiga goti moja kwenye tope, kama mpwa anavyompigia mjomba, akapaza sauti ili hata walio nyuma wasikie.

"Mjomba, ahsante kwa kunitambua. Na kwa kuwa umenitambua mbele za watu, ninalo ombi."

Vigelegele vikakatika. Hata maji yalionekana kupunguza kelele.

"Sema, mpwa wangu," akasema Mheshimiwa, maana angesema nini kingine.

"Nishushe cheo. Nipe ufundi wa pampu, na funguo zote za lile kabati nizitunze mimi."

Mheshimiwa alicheka, akidhani ni utani. Alicheka peke yake. Bibi wa kilemba kilicholowa akasema, bila kumtazama mtu yeyote, kwamba yeye hana haraka, anasubiri kusikia mjomba atasemaje. Wanawake wakaweka ndoo chini. Kamera zikasogea karibu zaidi. Bwana Ndimbo alikuwa amejificha nyuma ya gari la nne.

"Mjomba hakatai," akasema Mheshimiwa mwishowe, kama mtu anayeng'olewa jino.

Barua ilitakiwa palepale, kabla mtu hajabadili mawazo, nami nikakimbizwa kibandani kwa gari la waziri, mara yangu ya kwanza kuona kibao changu kupitia kioo cheusi. Nilitoa fomu ya serikali ya kushushwa cheo. Fomu ile ina sehemu ya sababu, na mhusika huwekewa alama kwenye mojawapo ya nne: wizi, ulevi, kumtukana mkubwa, au nyinginezo zilizo kama hizo. Nilirudi nayo Chemchemi nikamwonyesha Bi. Sikudhani. Yeye alikuwa ameshapakia spana zake kwenye mfuko, maana watu wa kata ya pili walikuwa wamefika kumwita. Aliisoma, akasema niandike kweli tu, leo amechoka kuacha vitu.

Basi nikaongeza mstari wangu chini ya ile minne: "Sababu ya kushushwa cheo: anaijua kazi." Mheshimiwa aliusoma mara mbili, hakuona kosa, akatia saini.